Mashine ya ECG Nayo Yahitaji Kinga Kabla ya Tiba

Homa ya malaria iletwayo na kimelea kiitwacho Plasmodium malariae, isipotibiwa, hupanda kila baada ya saa 72. Mgonjwa akishikwa na homa siku ya kwanza, itamrudia siku ya nne, kisha siku ya saba. Na ichukuliwe kwamba wodi ina upungufu wa watumishi, hivyo muuguzi humpima mgonjwa huyo joto la mwili mara moja tu katika kila saa 48: siku ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba. Siku ya kwanza anaikuta homa. Siku ya tatu haipo, siku ya tano haipo, na siku ya saba imerudi. Daktari anayeisoma chati anaona jambo lililo wazi kabisa: mgonjwa ana homa inayorudi kila baada ya siku sita.

Ugonjwa huo haupo. Hata hivyo, hakuna namba hata moja ya uongo katika chati. Kipimajoto ni kizima, muuguzi ni mwaminifu, na kila alichoandika alikiona kwa macho yake. Kosa limejificha katika nafasi iliyoachwa kati ya kipimo na kipimo. Homa ya saa 72, ilipopimwa kila baada ya saa 48, imejivika sura ya homa ya saa 144. Daktari hata akiikodolea chati hiyo usiku kucha, hawezi kuirudisha homa ya kweli, kwa kuwa chati ya homa ya siku tatu na chati ya homa ya siku sita, zikipimwa hivyo, zinafanana kabisa.

Jambo hilohilo hutokea ndani ya mashine za kidijitali zinazopima umeme wa moyo, kwa kasi iliyo kubwa mara mamilioni kuliko ile ya muuguzi. Kinga yake inajulikana kwa miaka mingi: mashine haina budi kuchuja umeme kabla ya kuugeuza kuwa namba. Kinga hiyo haionekani kwenye kioo, haitajwi kwenye matangazo ya mauzo, na mara chache huulizwa na kamati za manunuzi. Ni wakati sasa iulizwe, kwa sababu kasoro inayotokea ikikosekana haitibiki baadaye kwa programu yoyote.

Kutoka uzi hadi namba

Mwanzoni mwa karne ya 20, Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, aliandika umeme wa moyo kwa kutumia uzi mwembamba sana uliotundikwa kati ya ncha za sumaku. Umeme wa mgonjwa ulipopita ndani ya uzi, uzi ulisogea, na kivuli chake kikachorwa juu ya bamba la picha lililokuwa likitembea. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1924. Mstari wa Einthoven haukuwa na mapengo: kila punje ya muda iliacha alama yake.

Mashine za leo hazichori hivyo. Elektrodi hupokea umeme mdogo kutoka kwenye ngozi, kikuza-umeme huukuza, kisha kigeuzi huusoma mara 250, 500, 1,000 au zaidi kwa sekunde na kuandika namba kwa kila mara. Kila usomaji mmoja huitwa sampuli. Mstari unaoonekana kwenye karatasi ni namba hizo zilizounganishwa. Kati ya sampuli moja na inayofuata, mashine ni kama muuguzi aliyetoka wodini: haioni kitu.

Si vibaya kutoona, mradi kinachopita katika pengo hilo kiende polepole. Kanuni yake iliwekewa msingi na mhandisi Harry Nyquist mwaka 1928 na kuelezwa kwa ukamilifu na Claude Shannon mwaka 1949. Ili wimbi liandikwe sawasawa, sampuli lazima ziwe zaidi ya mbili kwa kila mzunguko wake mmoja. Mashine inayochukua sampuli 500 kwa sekunde inaweza kuandika kwa haki mawimbi yaliyo chini ya herzi 250, yaani mizunguko 250 kwa sekunde, na si zaidi.

Kinachowashangaza wengi ni hatima ya wimbi lililo juu ya mpaka huo. Mtu angedhani kwamba lisipoweza kuandikwa litapotea tu. Halipotei. Hujikunja na kurudi chini likiwa na sura ya wimbi jingine. Kwa mashine ya sampuli 500, wimbi la herzi 350 huandikwa kama la herzi 150. Wimbi la herzi 499 huandikwa kama la herzi 1, na la herzi 501 vivyo hivyo. Hata wimbi la herzi 50,001, lililo mbali kabisa na kazi yoyote ya moyo, huweza kuonekana kama wimbi la polepole linalopanda na kushuka mara moja kwa sekunde. Hilo ndilo wimbi bandia, na mwendo wake wa mara 60 kwa dakika ni mwendo wa moyo wa mtu aliyepumzika.

Kelele za wodi

Je, mawimbi ya juu kiasi hicho hutoka wapi, ilhali moyo wenyewe haufanyi haraka namna hiyo? Hutoka kila upande wa kitanda. Misuli ya mgonjwa anayetetemeka kwa baridi, maumivu au hofu hutoa umeme unaofika mamia ya herzi. Chaja za simu na taa za LED zina saketi zinazowaka na kuzima makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kisu cha umeme katika chumba cha upasuaji hufanya kazi kwa mamia ya maelfu ya herzi. Umeme wa gridi nao, ambao Afrika Mashariki ni wa herzi 50, hauji peke yake. Huandamana na mawimbi yaliyo mara tatu, mara tano na mara saba ya kasi yake, hasa pale vifaa vingi vya kielektroniki vinapotumia laini moja.

Na uchukuliwe mfano mmoja wa hesabu. Jenereta ya kituo cha afya imelemewa kidogo, hivyo inatoa herzi 49.8 badala ya 50. Wimbi lake la mara tano ni la herzi 249. Mashine ya ECG inayochukua sampuli 250 kwa sekunde bila kichujio mbele yake italiandika wimbi hilo kama la herzi 1. Mstari wa chini wa ECG utaanza kupanda na kushuka taratibu, karibu sawa na mapigo ya moyo.

Uzito wa jambo hili hupimwa kwa milimita. Katika karatasi ya ECG iliyopangwa kwa kawaida, milimita moja ya wima ni sehemu moja ya kumi ya millivolti. Kunyanyuka kwa sehemu ya ST kwa milimita moja katika njia mbili zinazopakana, kwa njia nyingi za kipimo hicho, kunatosha kumfanya daktari ashuku kwamba mshipa wa damu wa moyo umeziba. Kwa njia za V2 na V3 kiwango huwa juu kidogo, lakini bado ni suala la milimita moja na nusu hadi mbili na nusu. Katika mpangilio wa kawaida wa karatasi ya njia 12, kila safu huonyesha takribani sekunde mbili na nusu tu, yaani mapigo mawili au matatu. Wimbi bandia linalokwenda karibu sawa na moyo linaweza kuinyanyua ST isiyonyanyuka au, jambo lililo baya vilevile, kuishusha ile iliyonyanyuka kweli. Uamuzi unaofuata si mdogo. Dawa za kuyeyusha damu iliyoganda zinaweza kuokoa maisha, na zinaweza kusababisha damu kuvuja ubongoni. Kumpa asiyezihitaji ni hatari, na kumnyima anayezihitaji ni hatari pia.

Ni haki kukiri kwamba daktari mzoefu mara nyingi atalishuku wimbi lisilofuatana vizuri na mapigo, ataagiza kipimo kirudiwe, na kosa litaishia hapo. Lakini vituo vingi havina mtaalamu wa moyo. ECG husomwa na tabibu aliye peke yake saa nane za usiku, au na programu ya mashine yenyewe inayochapa tafsiri juu ya karatasi. Programu hiyo haina shaka. Husoma namba ilizopewa.

Kitufe kisichotibu

Hapa ndipo penye dhana potofu iliyoenea kuliko zote. Mashine nyingi zina kitufe au menyu iliyoandikwa kichujio: kichujio cha misuli, kichujio cha umeme wa gridi, kichujio cha mstari wa chini. Mtumishi akiona mstari unatetemeka hukibonyeza, mstari unatulia, naye anaridhika kwamba uchafu umeondoka.

Katika mashine nyingi za leo vichujio hivyo hufanya kazi baada ya sampuli kuchukuliwa. Ni hesabu inayofanywa juu ya namba. Vina kazi yake, lakini haviwezi kuondoa wimbi bandia, kwa sababu zinapowafikia hesabu hizo namba zimekwisha kuchanganyika. Wimbi la herzi 249 lililogeuka kuwa la herzi 1 halina tena alama yoyote ya kule lilikotoka. Limekaa mahali pamoja na mawimbi halali ya moyo, na kichujio kitakachothubutu kuliondoa kitaondoa na sehemu ya moyo pamoja nalo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wafanyakazi wa maabara wanaielewa hali hii kuliko mtu yeyote. Damu ikichukuliwa vibaya, chembe zake nyekundu zikapasuka ndani ya chupa, kiwango cha potasiamu kitasomeka juu kuliko kilivyo mwilini mwa mgonjwa. Hakuna mashine, hata iwe ya bei gani, inayoweza kuipima damu hiyo na kutoa jibu la kweli la potasiamu. Maabara makini huikataa sampuli na kuomba nyingine. Kosa lilitokea wakati wa kuchukua, na dawa yake ni kuchukua vizuri. Sampuli za umeme zina sheria hiyohiyo.

Kwa hiyo kinga haina budi kukaa kabla ya kigeuzi, katika saketi yenyewe, umeme ungali umeme. Ni kichujio cha vikinza na kapasita kinachoruhusu mawimbi ya polepole kupita na kuyadhoofisha yale ya haraka kabla hayajapata nafasi ya kujikunja. Tofauti kati yake na kitufe cha kwenye kioo ni tofauti iliyopo kati ya chandarua na dawa ya malaria, ila katika jambo hili dawa haipo.

Yapo pia makosa ya kuchuja kupita kiasi, na yasisahauliwe. Mwaka 2007 vyama vya kitaaluma vya moyo vya Marekani vilipendekeza kwamba ECG ya uchunguzi ihifadhi mawimbi hadi angalau herzi 150 kwa watu wazima na vijana, na hadi herzi 250 kwa watoto, ambao mioyo yao hutoa umbo la mawimbi lenye ncha kali zaidi. Mtumishi anayebonyeza kichujio cha herzi 40 ili karatasi ipendeze hupunguza urefu wa mawimbi ya QRS na kufuta vijipindo vidogo vyenye maana. Mashine nzuri hulinda pande zote mbili: hupitisha kila kilicho cha moyo, na huzuia kila kitakachorudi kikiwa kimevaa sura ya moyo.

Somo kutoka chumba cha ultrasound

Fani moja ya tiba tayari imeyazoea mawimbi bandia. Mtaalamu anayepima mwendo wa damu kwa Doppler ya rangi anajua kwamba kwa kawaida nyekundu ni damu inayokielekea kifaa alichoshika na buluu ni ile inayokikimbia. Anajua vilevile kwamba damu ikienda kasi mno, rangi hupinduka: mkondo mwekundu huota doa la buluu katikati, kana kwamba damu imegeuka na kurudi ilikotoka. Damu haijageuka. Mashine hutuma mipigo ya sauti kwa idadi maalumu katika kila sekunde, na badiliko la masafa linalotokana na mwendo wa damu likizidi nusu ya idadi hiyo, hesabu yake hujikunja kama ilivyojikunja homa ya muuguzi.

Katika Doppler tatizo hili halizuiliwi kwa kichujio, kwa kuwa kila mpigo wa sauti hauna budi kusubiri mwangwi wake urudi kutoka kilindini. Kwa hiyo wataalamu hufundishwa kulitambua na kulikabili: kupandisha kipimo cha kasi, kusogeza mstari wa sifuri, kubadili pembe, au kutumia aina nyingine ya Doppler. Ni sehemu ya mafunzo na ya mtihani.

Mfano huu unaonyesha kwamba watumishi wa afya wanaweza kulielewa jambo hili bila kuwa wahandisi. Unaonyesha pia tofauti iliyo ya hatari. Doppler ikikosea, rangi hupiga kelele machoni mwa mtazamaji. ECG ikikosea, mstari hubaki mweusi na mtulivu. Pale ambapo jicho haliwezi kuona kosa, dhamana inamrudia aliyetengeneza kifaa, aliyekinunua na anayekikagua.

Hoja ya bei

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya anasa, na kwamba kituo kisicho na ECG kabisa ni afadhali kipate yoyote ya bei nafuu. Hoja hiyo ina uzito. Vifaa vidogo vinavyounganishwa na simu vimeileta ECG mahali ambapo haikuwahi kufika, na kuvibeza vyote kwa jumla si haki.

Lakini bei si kisingizio cha kukosa kichujio. Mashine ya sampuli 500 inayotaka kuhifadhi mawimbi hadi herzi 150 lazima izuie vikali kila kilicho juu ya herzi 350, kwa sababu hicho ndicho kitakachojikunja na kuangukia ndani ya eneo la moyo. Kichujio chepesi kabisa, cha kikinza kimoja na kapasita moja, kilichopangwa kuanza kukata kwenye herzi 150, bado hupitisha takribani asilimia 39 ya wimbi la herzi 350. Hakitoshi. Zamani mhandisi alilazimika kujenga kichujio kikali chenye hatua nyingi, nacho kiligharimu. Leo kuna njia nyingine. Kigeuzi huchukua sampuli nyingi kuliko zinazohitajika, tuseme 32,000 kwa sekunde, ambapo cha kuhofiwa ni mawimbi ya karibu herzi 31,850 na kuendelea. Mbele ya mawimbi ya mbali kiasi hicho, kikinza na kapasita zilezile hupitisha chini ya asilimia 1. Kisha mashine huchuja kwa hesabu na kupunguza namba hadi 500. Vigeuzi vya aina hii huuzwa vikiwa chipu moja, na vipande viwili vinavyobaki ni miongoni mwa vitu vya bei ya chini kabisa katika saketi nzima.

Kwa hiyo kifaa kinachokosa kinga hii hakijaikosa kwa sababu ya umaskini wa mnunuzi. Kimeikosa kwa sababu mtengenezaji hakujali, na hakuna aliyemuuliza.

Tahadhari moja inahusu hatua ile ya kupunguza namba. Kifaa kinaweza kuchukua sampuli 500 kwa usahihi, kisha, ili kutumia intaneti kidogo, kikabakiza moja katika kila nne na kutuma 125 tu kwa sekunde. Mpaka mpya sasa ni herzi 62.5. Kama namba hazikuchujwa kabla ya kupunguzwa, kelele za misuli zilizokuwa juu ya mpaka huo hushuka zote na kutawanyika katika eneo la mawimbi madogo ya P. Mstari unaoparuza bila mawimbi ya P yanayoonekana unaweza kumfanya daktari aliye mbali adhani kwamba vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka ovyo. Mgonjwa aliyekuwa akitetemeka kwa baridi tu anaanza kujadiliwa kuhusu dawa za kuzuia damu isigande.

Wajibu wa kila mmoja

Kamati za manunuzi ziandike katika masharti ya zabuni mambo manne, na zisikubali jibu la mdomo: idadi ya sampuli kwa sekunde inayochukuliwa na inayohifadhiwa, eneo la mawimbi linalopitishwa katika hali ya uchunguzi, maelezo ya kichujio kilicho mbele ya kigeuzi, na uthibitisho kwamba kifaa kimepimwa kwa kiwango cha kimataifa cha mashine za ECG, yaani IEC 60601-2-25. Kwa upande wa Tanzania, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ndiyo yenye jukumu la kudhibiti vifaa hivi. Ombi la kituo lenye maswali mahsusi humsaidia mdhibiti kuliko malalamiko ya baadaye.

Misaada nayo iulizwe maswali hayohayo. Mashine iliyotolewa bure haina ruhusa ya kudanganya.

Wahandisi na mafundi sanifu wa vifaa tiba wanaweza kuupata ukweli kwa jaribio la nusu saa. Mashine ikiwa haijaunganishwa na mgonjwa, huingiziwa wimbi la millivolti moja kutoka kwenye jenereta ya mawimbi kupitia kigawanya volti. Vichujio vya kwenye menyu huzimwa. Wimbi huanzishwa kwenye herzi 10 na kupandishwa polepole hadi kupita idadi ya sampuli za mashine. Katika mashine yenye kinga, mstari hupungua kimo kadiri kasi inavyopanda, kisha hulala na kubaki umelala. Katika mashine isiyo na kinga, mstari hufufuka: unapokaribia idadi ya sampuli, wimbi huonekana likipunguza mwendo, na kwenye herzi 499 au 501 linatembea taratibu kama pumzi ya mtu aliyelala. Mashine ya namna hiyo isitumike kufanya uamuzi wa matibabu mpaka itengenezwe au ibadilishwe. Jaribio hili linastahili kuwemo katika orodha ya ukaguzi wa kila mashine mpya, kabla haijapelekwa wodini.

Mtumishi anayechukua kipimo, hata kama mashine yake ni nzuri, apunguze kelele mahali zinapozaliwa. Ngozi isafishwe vizuri na elektrodi zishike. Mgonjwa afunikwe asitetemeke, na mikono yake ipumzike. Chaja za simu zichomolewe karibu na kitanda. Pale inapowezekana, mashine itumie betri yake badala ya umeme wa ukutani. Mstari ukitia shaka, kipimo kirudiwe kabla ya kubonyeza kichujio. Kichujio kikibonyezwa, kiandikwe kwenye karatasi ili msomaji ajue alichoondolewa.

Mgonjwa naye ana nafasi yake. Akiambiwa alale kimya, asizungumze na aweke simu mbali, hiyo si amri ya kumdhibiti. Ni sehemu ya kipimo. Akihisi baridi, aseme. Na akipewa jibu zito la moyo kwa karatasi moja tu, ilhali hana maumivu wala dalili, ana haki ya kuomba kwa heshima kipimo kirudiwe, au kifanywe kwa mashine nyingine. Lakini mwenye maumivu ya kifua asiichelewesha huduma kwa sababu ya shaka juu ya mashine. Katika hali hiyo kipimo hurudiwa huku matibabu yakiendelea kupangwa.

Sekta ya afya imekuwa ikiwahubiria watu kwa miaka mingi kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Kwa mawimbi bandia msemo huo una ukali zaidi, kwa sababu tiba haipo kabisa. Muuguzi wa mwanzo wa makala hii angeupata ukweli wa ile homa kwa kupima mara mbili kwa siku. Mashine ya ECG huupata kwa sampuli za kutosha na kichujio kilichowekwa mahali pake. Vyote viwili huamuliwa kiwandani na mezani pa manunuzi, siku nyingi kabla mgonjwa hajalala kitandani na kufungua vifungo vya shati lake.